Muulize Sista: Lukemia imeisha, mbona masomo yamekuwa mazito?

Toleo lililopita niliandika kuhusu homa isiyosikia dawa ya malaria, fizi zinazovuja damu na mtoto anayepauka siku hadi siku. Huku kwetu Nyanza na Magharibi malaria huzifunika dalili hizo mpaka lukemia, yaani saratani ya damu, ikakomaa. Barua zilizonirudia hazikuuliza sana habari ya dalili. Wengi walioandika ni wazazi waliokwisha kuvuka huko. Watoto wao wamemaliza dawa, na sasa wana swali ambalo hakuna aliyewaandaa kulikabili. Nimechagua barua chache. Ya kwanza naijibu kwa urefu kwa sababu nyingine zote zimo ndani yake.

*Sista, salamu kutoka Ahero. Kijana wangu alipatikana na lukemia akiwa na miaka 4. Akapewa kemo (dawa za saratani), sindano za mgongo na dawa za kumeza, mpaka alipotimiza miaka 7 daktari akasema sasa imetosha. Leo ana miaka 10, yuko Gredi ya 4. Mwili uko sawa, mpira anacheza. Lakini masomo! Nikimtuma dukani chumvi, kiberiti na sukari, anarudi na chumvi peke yake. Wenzake wakimaliza kunakili ubaoni na kufunga madaftari, yeye bado yuko mstari wa tatu. Hisabati ndiyo imemshinda kabisa, na Gredi ya 1 alikuwa anafanya vizuri tu. Mwalimu anasema ni mvivu. Mume wangu anasema nilimdekeza tulipokuwa hospitalini. Mama mkwe naye ana maneno yake. Je, ugonjwa umerudi? Au ni zile dawa? — Mama Brayo, Ahero*

Mama Brayo, pole, na hongera. Kumpeleka mtoto kliniki miaka mitatu bila kukata tamaa si jambo dogo, na wale wanaokulaumu leo wangepaswa kuanzia hapo.

Sijamwona Brayo, lakini picha uliyonichorea naijua vizuri kutoka wadi ya watoto na kliniki nilikofanya kazi hadi nikastaafu. Kwa uwezekano mkubwa ni zile dawa. Uvivu haumo, na kudekezwa hakumo.

Lukemia huanzia kwenye uboho wa mifupa, kisha seli zake hupenda kujificha kwenye ubongo na kwenye maji yanayouzunguka uti wa mgongo. Ubongo una kizuizi chake, na dawa nyingi zinazopitia mshipani hazikivuki vya kutosha. Ndiyo maana madaktari huchoma sindano mgongoni na kuingiza dawa ndani ya maji yale yale. Dawa inayotumika zaidi ni methotreksati, ile ya rangi ya njano uliyoiona mara nyingi. Kazi yake ni kuinyima seli folati, ambayo kila seli huihitaji ili igawanyike. Seli ya lukemia inakufa. Ila ubongo wa mtoto wa miaka 4 bado unajengwa. Nyuzi zake za mawasiliano zinaendelea kuvishwa ala ya mafuta inayofanya ujumbe upite kwa kasi, na hapo ndipo methotreksati inapogusa. Ujumbe bado unafika, lakini kama matatu iliyotoka kwenye lami ikaingia barabara ya murram.

Kwa hiyo kinachopungua kwa watoto hawa mara nyingi ni kasi. Hupungua pia uwezo wa kutulia juu ya jambo moja, na ule wa kushika mambo mawili matatu kichwani kwa wakati mmoja. Chumvi, kiberiti, sukari: umenielezea hali yenyewe bila kujua. Kuelewa hakujapotea. Jaribu hivi: mwulize swali la masomo ya jamii mkiwa mmekaa jikoni, umpe nafasi afikirie bila kumkatiza, usikie atakavyokujibu. Si kila mtoto hupata tatizo hili, na wengi wanaolipata hulipata kidogo. Waliotibiwa wakiwa wadogo, hasa chini ya miaka 5 au 6, wako kwenye hatari zaidi, na Brayo alikuwa na miaka 4.

Unashangaa kwamba Gredi ya 1 alikuwa vizuri. Gredi ya 1 ni kuhesabu vifuniko vya chupa na kusoma silabi. Gredi ya 4 ni kugawanya kwa hatua, na kila hatua inataka ukumbuke iliyotangulia. Ni kusoma kifungu kirefu kisha kujibu maswali, tena kwa saa ya ukutani. Pengo lilikuwepo, ila lilikuwa halijaguswa. Madhara haya yenyewe pia huwa na tabia ya kujitokeza miaka kadhaa baada ya dawa kuisha, wakati kila mtu ameshapumua.

Kuhusu ugonjwa kurudi: kupungua kasi polepole, mwaka baada ya mwaka, huku mtoto anakula na kucheza mpira, si sura ya lukemia iliyorudi. Sura yake ni nyingine. Kichwa kumuuma asubuhi pamoja na kutapika, kuona vitu viwiliviwili, uso kupinda, kupauka, homa zisizoeleweka, madoa ya damu chini ya ngozi, na kwa mvulana, korodani kuvimba bila maumivu. Ukiona hata moja, nenda siku hiyo hiyo. Usipoiona, bado mpeleke kwenye kliniki yake apimwe damu kama kawaida. Ukifika, usiseme "hajambo" ukaondoka. Mwambie daktari habari ya chumvi na kiberiti.

Kabla ya kuweka kila kitu juu ya methotreksati, mambo mengine yaangaliwe. Apimwe masikio, kwa sababu baadhi ya antibayotiki anazopewa mtoto akipata homa katikati ya kemo, kama gentamisini na amikasini, zinaweza kuharibu usikivu. Apimwe macho, maana steroidi zinaweza kuleta mtoto wa jicho. Tazama mikono yake: vinkristini, dawa nyingine ya kemo, hudhoofisha neva za vidole na miguu, na mtoto mwenye vidole vizito ataandika polepole hata kama kichwa kinakwenda mbio. Ukiona anajibu haraka kwa mdomo lakini daftari liko tupu, shida iko mkononi. Kumbuka pia kama aliwahi kuugua malaria ile kali ya kuingia kichwani, maana nayo huacha alama kwenye kumbukumbu na umakini. Halafu kuna masomo aliyoyakosa tu, kwa kuwa wenzake walikuwa wanayafundishwa naye yuko kitandani. Hayo hufidiwa kwa kufundishwa upya.

Sasa shule. Kuna vituo vya serikali vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalum, vile walimu wanavyoviita EARC. Vimekuwepo tangu 1984, lakini wazazi wengi hudhani ni vya watoto wasioona au wasiosikia peke yao. Sivyo. Mwalimu mkuu anajua kilicho karibu nanyi. Omba akuandikie barua ya kumtuma Brayo huko, na uende na muhtasari wa matibabu kutoka hospitali. Kama huna muhtasari huo, uombe. Ni haki yako, na mtoto ataubeba maisha yake yote: dawa alizopewa, viwango vyake, kama alipigwa mionzi ya kichwa au la. Mimi naona kila hospitali inayomaliza kumtibu mtoto lukemia ingepaswa kumpa mzazi karatasi mbili, moja ya kliniki na moja ya shule. Ile ya shule karibu haipo popote, na watoto wanaadhibiwa kwa sababu haipo.

Kwa hiyo nakuandikia hapa maneno yake. Yanakili, umpelekee daktari ayasome, abadilishe anachotaka, atie sahihi na muhuri:

*Kwa mwalimu wa darasa. Mwanafunzi huyu alitibiwa lukemia kwa dawa zinazoweza kupunguza kasi ya kufikiri, umakini na kumbukumbu ya muda mfupi. Anaelewa anachofundishwa, lakini anahitaji muda zaidi ili kukipokea na kukijibu. Tunaomba aketi mbele, apewe agizo moja kwa wakati mmoja, asilazimishwe kunakili maandishi marefu kutoka ubaoni, na apewe muda wa ziada kwenye mitihani. Asiadhibiwe kwa kuchelewa kumaliza kazi. Tunaomba atumwe kutathminiwa kwenye kituo cha EARC.*

Nyumbani, kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukimtuma vitatu, mwandikie, au aandike mwenyewe, karatasi iingie mfukoni. Jedwali la kuzidisha bandika ukutani mbele ya meza yake na umruhusu kulitazama. Akitumia nguvu zote kukumbuka saba mara nane, hazibaki za kufikiria swali lenyewe. Vipindi vya kusoma viwe vifupi, kisha ainuke. Uchovu kwa watoto hawa ni wa kweli, hata miaka baada ya dawa, kwa hiyo alale mapema. Na mpira usimnyime kama adhabu ya hesabu. Kukimbia kunamsaidia, na pale uwanjani hakuna anayemwita mzito.

Mume wako mchukue kliniki. Si kwa ugomvi. Mwombe akusindikize siku moja, aketi mbele ya daktari, aulize mwenyewe. Baba wengi nimewaona wakiingia chumba kile na hasira na kutoka kimya, kisha jioni wakanunua kalamu mpya. Mama mkwe msomee hiyo barua ya shule kwa sauti, kwa lugha anayoielewa, taratibu na kwa heshima zote. Maneno ya kulogwa hupata nafasi pale ambapo hakuna mtu aliyeeleza.

*Sista, nilisoma kwenye simu kwamba sindano za mgongo zinaharibu ubongo wa mtoto. Binti yangu ana miaka 3, yuko katikati ya matibabu, na kila akichomwa analia mpaka natoka nje. Kemo nyingine aendelee nayo, lakini hizi za mgongo nataka kukataa. Nitakosea? — Baba Shiru, Nakuru*

Baba Shiru, usikatae. Ningekuwa Nakuru ningekuja mwenyewe kukwambia.

Hofu yako ina msingi, nami nimeieleza hapo juu bila kuficha. Lakini acha nikwambie kilichokuwepo kabla ya sindano hizo. Mwaka 1948 huko Boston, daktari Sidney Farber alionyesha kwamba aminopterini, ndugu yake methotreksati, inaweza kuirudisha nyuma lukemia ya mtoto. Dunia ilishangilia, lakini haikudumu. Watoto walipata nafuu, wakacheza, kisha ugonjwa ukarudi, na kadiri dawa za kutibu damu zilivyoboreka, ndivyo ulivyozidi kurudi kupitia kichwani. Katika miaka ya 1960, Donald Pinkel na wenzake katika hospitali ya St. Jude huko Memphis waliamua kuutibu ubongo mapema, kabla dalili hazijaonekana, kwa mionzi ya kichwa pamoja na methotreksati ya mgongoni. Kwa mara ya kwanza karibu nusu ya watoto wakapona kabisa.

Bei ilikuwa kubwa. Mionzi ile iliwaumiza wadogo zaidi: akili ilishuka kwa kiasi cha kupimika, wengine hawakurefuka, homoni zikavurugika. Basi madaktari wakatumia miaka mingi kuipunguza, kutoka grei 24 (kizio cha kupimia mionzi) hadi 18, hadi 12, na kwa watoto wengi mwishowe kuiacha kabisa. Mwaka 2009 hospitali hiyo hiyo ilichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba kemo ikipangwa vizuri, sindano za mgongo zikiwemo, mionzi inaweza kuachwa na watoto bado wakapona. Unaona, Baba Shiru? Sindano unayotaka kuikataa ndiyo iliyowaondoa watoto kwenye jambo baya zaidi. Ukiitoa, unauachia ugonjwa mlango wa kichwani. Ukirudi kupitia hapo, huenda mionzi ile ile ndiyo itakayohitajika, pamoja na kemo kali kuliko hii ya sasa.

Hapa Kenya kuacha matibabu njiani ni moja ya sababu kubwa zinazofanya watoto wetu wapone kwa uchache kuliko wa nchi tajiri, ambako sasa zaidi ya 8 kati ya 10 hupona. Usimwongeze Shiru kwenye hesabu hiyo.

Lakini nenda ukaulize, ni haki yako. Uliza kama katika mpango wake kuna mionzi ya kichwa na kwa nini. Hapo ndipo swali lako lina uzito. Uliza kama wanaweza kumpa dawa ya usingizi au ya kutuliza kabla ya kumchoma. Ukitoka nje kwa sababu huwezi kutazama, hakuna atakayekulaumu, ila mtu anayemjua abaki amemshika mkono. Jua pia kwamba kiasi cha dawa ya mgongoni hupangwa kwa umri wa mtoto, tofauti na dawa nyingine zinazofuata ukubwa wa mwili. Mtu alikaa akafikiria juu ya kichwa cha mtoto wa miaka 3.

Jambo moja la kuangalia ukiwa nyumbani: katika siku chache hadi wiki mbili baada ya sindano, mtoto akidhoofika upande mmoja wa mwili, akashindwa kuongea vizuri, akachanganyikiwa au akapata kifafa, mrudishe hospitali mara moja. Haitokei kwa wengi, na walio wengi kati ya wanaopata hurudi hali yao, lakini daktari lazima ajue kabla ya sindano nyingine. Na uendelee kumsimulia hadithi, kumwimbia, kumwuliza rangi za vitu. Ubongo unaojengwa unahitaji hayo hata siku za kemo.

*Sista, mjukuu wangu bado anatumia dawa. Mtu wa duka la dawa ameniambia nimnunulie foliki asidi ya kuongeza damu na akili. Jirani naye anasema lile ua la rangi ya waridi, periwinkle, tulilopanda uani ndilo wazungu wanatengenezea dawa ya lukemia, nilichemshe. — Nyanya, Siaya*

Hapana kwa yote mawili, Dani, na asante kwa kuuliza kwanza. Methotreksati inafanya kazi kwa kuzuia folati. Ukimpa mtoto foliki asidi bila daktari kusema, huenda unaipunguzia dawa nguvu. Kuna dozi kubwa za methotreksati ambazo baadaye hufuatwa na dawa ya kukinga mwili, lakini hiyo hutolewa hospitalini kwa saa maalum. Ua lile jirani hakukudanganya: vinkristini kweli ilitolewa kwenye mmea huo. Hospitalini inapimwa kwa miligramu na kuingizwa kwenye mshipa tu. Ukilichemsha jikoni ni sumu. Omena, mboga, maziwa, mayai yaliyoiva vizuri, hivyo mpe kwa moyo wote. Dawa ya kuongeza akili inayouzwa kwenye chupa, hela yake nunua vitabu vya hadithi.

*Sista, nina wanafunzi zaidi ya 50 darasani na mmoja wao alipona lukemia. Nampenda, lakini ananirudisha nyuma. Nifanye nini kinachowezekana? — Mwalimu, Mumias*

Mwalimu, kinachowezekana ni kumpunguzia wingi. Wengine wafanye hesabu kumi, yeye afanye nne zilizochaguliwa vizuri. Akizipata, amejifunza kilekile. Mkalishe mbele, mbali na dirisha. Mpe rafiki mwenye mwandiko mzuri, ili jioni apige picha au anakili maelezo kutoka daftari la rafiki huyo. Ukimwuliza swali mbele ya darasa, hesabu kimya mpaka kumi kabla ya kumpa mwingine nafasi. Utashangaa ni mara ngapi anajua. Kiboko kimepigwa marufuku na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, na adhabu ya kumdhalilisha pia, hilo unalijua. Usilolijua pengine ni kwamba KNEC, baraza la mitihani la taifa, ina utaratibu wa muda wa ziada kwa watahiniwa wenye mahitaji maalum, lakini shule ndiyo inayoomba, mapema wakati wa usajili, ikiwa na ripoti mkononi. Mzazi hawezi kuomba siku ya mtihani. Hilo liko mikononi mwako na mwa mwalimu mkuu, na nakuomba ulifanye muhula huu.

*Mimi ni kijana wa miaka 19, nilipona nikiwa mdogo. Nasahau, nasoma polepole, lakini nilipita mtihani. Nataka kujiunga na chuo cha ufundi. Hali hii itazidi? Niwaambie chuoni? — Kijana, Busia*

Kijana wangu, kwa wengi hali hii haiendelei kushuka kama ugonjwa. Hutulia, na mtu akajifunza njia zake. Umepita mtihani na kichwa hicho hicho, maana yake njia zako umeshaanza kuzipata. Endelea nazo: simu ikukumbushe, daftari dogo mfukoni, kazi ngumu asubuhi kabla uchovu haujaingia, jambo moja likamilike kabla ya lingine. Umakini ukikusumbua kupita kiasi, zungumza na daktari, maana kuna dawa zinazowasaidia baadhi ya waliopona. Na kama ulipigwa mionzi ya kichwa, omba upimwe homoni, tezi ya shingo ikiwemo, kwa sababu ikilegea nayo huleta usahaulifu na uchovu, na inatibika.

Chuoni mwambie mtu mmoja, mkuu wa idara au mshauri wa wanafunzi, siku ya kuripoti, si baada ya kufeli. Mpe karatasi ya matibabu na uombe mambo mawili tu: muda zaidi kwenye mtihani wa kuandika, na maelezo ya karakana yaandikwe badala ya kutajwa kwa mdomo. Karatasi hiyo kama huna, kliniki uliyotibiwa bado ina faili lako. Nenda kabla dirisha la maombi ya chuo halijafungwa.